Slebu ya Maji ya Kisima

Watu hudhani kazi ya msimamizi mkuu wa ujenzi ni kuvaa kofia ngumu na kunyoosha kidole. Laiti. Kazi yangu miaka yote hii imekuwa kusema la. La, mchanga huu ni wa ufuoni, rudisha. La, mbao za chini haziondolewi leo. Mtu wa kusema la hapendwi, na hilo nilishalizoea. Nisilolizoea hata sasa ni kusema la, watu wakaendelea kula.

Ilikuwa Mtongwe, kwetu hasa. Wazee wa mtaa walichanga miaka na miaka wajenge zahanati yenye wodi ya kujifungulia, ili wanawake wetu waache kuvushwa feri na uchungu. Wakaniita niisimamie kwa kuwa ni mtoto wao. Nilifurahi, wallahi, kuliko nilivyofurahia kazi yoyote ya mjini.

Kwetu siku ya kumwaga slebu, lile zege la dari, ni shughuli kama arusi. Mbuzi huchinjwa, masufuria ya pilau hutelekwa, na fundi hashiki karai mpaka dua isomwe watu waitikie amin. Lori la maji matamu, yasiyo na chumvi, lilikuwa lije asubuhi. Mimi nilihitajiwa Chaani, kwenye jengo jengine, nikamwambia fundi mkuu kwa mdomo wangu: maji yasipofika, slebu haimwagwi. Akasema, "Inshallah, dada."

Lori lilikwama ng'ambo, foleni ya feri haisogei. Wageni wamekaa, nyama imeiva, dua imeshasomwa. Wakachota maji ya kisima cha nyuma ya msikiti, wakamwaga slebu yao.

Nilifika baada ya alasiri. Juu mafundi wanasawazisha, chini watu wamezunguka masinia. Nilitia kidole kwenye pipa nikaonja. Chumvi. Chuma kilichozikwa ndani ya saruji ya maji ya chumvi hushika kutu. Hutakiona leo wala mwakani, lakini kitavimba, dari ipasuke, vipande vimwangukie aliye chini. Na chini ya slebu ile ndipo vitakapowekwa vitanda vya wazazi.

Nilimuuliza fundi mkuu maji yale ni ya wapi.

"Ya kisima, dada. Nimeyanywa tangu kuzaliwa na hayajanidhuru mimi, sembuse simiti."

Hakuwa akinidhihaki. Aliamini, na hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

Nikamwendea mzee mwenyekiti, rafiki wa marehemu baba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea sinia. Nikamwambia saruji yote iondolewe sasa hivi, kabla haijaganda.

"Mwanangu, dua imesomwa," akasema. "Na maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya yazoleka, baba. Bado mabichi. Kesho ndiyo hayazoleki."

"Na waliotoa sadaka zao tuwaambieje?"

"Nitawaambia mimi. Ndiyo kazi mliyoniitia."

"Kaa ule," akasema kwa upole, akanipa mgongo kumkaribisha mgeni mwengine.

Nilipanda ngazi, nikachukua sepeto, nikaanza kukwangua mwenyewe. Baibui langu likaroa simiti. Mafundi wakasimama kunitazama. Hakuna aliyenizuia, hakuna aliyenisaidia. Chini nilimsikia shangazi yangu akisema, "Masikini, kazi nyingi zimemchosha, mwacheni." Nilipata kukwangua upana wa mkeka mmoja, mikono ikakataa. Fundi mkuu akaja taratibu, akapajaza nilipokwangua, akapalainisha vizuri. Nililia mbele yao, na sioni haya kusema.

Nilikataa kuliidhinisha jengo. Nikaleta mkaguzi, akanywa chai, akasema atarudi. Wazee wakatafuta msimamizi mwengine, mtu mpole. Wodi ikafunguliwa kwa maulidi, nami mtaani nikawa yule mwanamke aliyetaka kuvunja hospitali ya wanyonge.

Wanawake wanajifungulia pale, na wanapapenda. Nami niwaambie nini? Nikisema wasiende, waende wapi? Feri ni ile ile na uchungu ni ule ule. Nikinyamaza, najua ninachokijua.

Mwaka huu binti yangu alishikwa na uchungu mvua ikinyesha. Mumewe hakuniuliza, akampeleka pale pale. Nilipofika mtoto keshazaliwa, salama, alhamdulillahi. Juu ya kitanda dari ilikuwa na mstari wa rangi ya kutu, plasta imevimba. Shuka ilikuwa na vumbi jeupe. Muuguzi akalipangusa kwa kiganja bila kutazama juu.

"Nyumba za pwani ndivyo zilivyo, mama," akaniambia.

Niliomba kitanda kisogezwe. Akanionyesha wodi: vyote vimejaa, wengine wamelala wawili wawili. Basi nikampakata mjukuu wangu, nikamwinamia, mgongo wangu ukawa juu yake.

"Mama, mwache apumue," binti yangu akasema akicheka.

Sikuinuka. Nilikaa vile vile mpaka tuliporuhusiwa kwenda. Nilimvisha mtoto kofia yake, nikamshika binti yangu mkono, tukaanza kutoka pole pole. Hatujafika mlangoni, muuguzi alikuwa ameshakung'uta shuka, na mwanamke mwengine ameshalazwa pale pale.