Kapeti za Gari na Miguu ya Mama

Enzi zetu huko Mlola, ulijua mtoto anatoka wapi kwa kutazama miguu yake. Wa bondeni walifika shuleni na tope jeusi la mashamba ya kabichi. Sisi wa mlimani tulifika na jekundu, limepanda mpaka magotini, na waliokatiza msituni walikuwa na majani yaliyooza kati ya vidole. Viatu vilikuwa vya sikukuu, na hata siku hiyo tulivibeba mkononi mpaka karibu na tunakokwenda, tukanawa miguu mtoni ndipo tukavivaa. Ninyi wenzangu mliokula mahindi ya kuchoma huku mkitetemeka kwenye ukungu wa asubuhi mnajua ninachosema. Kijana wa leo ana viatu vyenye soli nyeupe pee, na akikuta dimbwi njiani anasimama, anatoa simu na kuita bodaboda imvushe.

Masika yalikuwa raha yetu. Tulibandua magamba ya mgomba, tukakaa juu yake wawili wawili, mmoja amemkumbatia mwenzake kiunoni, tukateleza kutoka juu kwetu mpaka karibu na mto. Breki ilikuwa kisigino. Ukikosea unaingia kwenye matuta ya viazi ya mtu, na mwenye matuta hakuhitaji kumtafuta baba yako ili akuadhibu, alimaliza kazi hapo hapo. Shuleni mwalimu wa zamu alisimama mlangoni na ndoo ya maji, na maji ya Usambara asubuhi mnayajua, yanauma kama siafu. Ulinawa, ukaonyesha nyayo, ukaingia darasani vidole vimekufa ganzi, halafu ukaambiwa uandike kwa mwandiko mzuri.

Nyumbani ukaguzi ulikuwa mkali kuliko shuleni. Mama alifukia jembe kuukuu mbele ya kizingiti, makali yakiwa juu, tukwangulie tope hapo. Ukishakwangua unafuta miguu kwenye gunia, ukishafuta unaonyesha mguu wa kulia, kisha wa kushoto. "Tope lina kazi yake shambani," alikuwa akisema, "humu ndani nimelitafutia kazi gani?" Usiku wa baridi, makande yananukia jikoni, wewe bado uko nje unakwangua kisigino! Lakini akija mgeni, hata kama ametoka kulima na ana nusu ya shamba miguuni, mama alimpokea kwa mikono miwili na kumkalisha. Tulipolalamika alijibu neno moja siku zote: "Mgeni hakaguliwi miguu."

Halafu baba akaweka sakafu ya saruji. Miaka yote tulikuwa na sakafu ya udongo ambayo mama aliisiriba kwa samadi, na ilikuwa sakafu njema tu, ila baba aliona nyumba za saruji huko Lushoto mjini na hakulala tena vizuri. Mwaka mmoja kabichi ilipouzika akaleta fundi, wakamwaga saruji sebuleni na kuitia rangi nyekundu. Ilipokauka baba aliisugua kwa nta na kitambaa mpaka ukiinama unayaona meno yako. Sisi watoto tulipigwa marufuku. Tulipita mlango wa jikoni na kuchungulia sebule yetu wenyewe kwa mbali.

Alasiri moja, mvua imetoka kunyesha, akina mama wa jirani walikuja kuiona hiyo sakafu iliyokuwa ikisemwa kijiji kizima. Walifika barazani wakakwama. Aliyewatangulia alikuwa Bibi Mwanaidi, mkunga wa kijiji, aliyetupokea duniani mimi na ndugu zangu wote. Aliitazama sakafu, akaitazama miguu yake, akasema, "Tumeiona, mwanangu, ni nzuri. Sisi tutakaa hapa hapa nje." Na wenzake wakaanza kujipanga barazani kwenye baridi ile, khanga mabegani.

Mama alishuka uani, akakanyagakanyaga tope kama anayepondea udongo wa kujengea, akapanda barazani na kupita katikati ya sebule, kutoka mlango wa mbele mpaka wa jikoni. Nyayo zake zikabaki pale kwenye nta, nyekundu juu ya nyekundu. "Haya, imeshachafuka," akasema. "Karibuni ndani, chai inapoa."

Baba alikuwa kasimama na kitambaa chake mkononi. Alizitazama zile nyayo, akamtazama mama, akakikunja kitambaa taratibu na kukitia mfukoni. Bibi Mwanaidi alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaingia, na wenzake nyuma yake. Jioni ile sakafu ilikuwa kama njia ya kwenda mtoni, na sijawahi kuona sebule iliyojaa furaha namna ile.

Nimekumbuka yote hayo kwa sababu ya kapeti za gari.

Nimestaafu ualimu, nikanunua gari jipya. Nasema jipya ingawa kule Japani lilikotoka walishalichoka, maana kwetu gari likija na plastiki kwenye viti ni jipya, na asiyekubali aje anionyeshe la kwake. Nililinunua kwa ajili ya safari moja hasa. Mdogo wake mama wa mwisho, Mama mdogo Saumu, ameolewa Magoma, chini kabisa ya milima, na macho yake yanafifia. Alituma ujumbe: "Mwambieni dada aje wakati bado naweza kuuona uso wake." Mama ndiye aliyemlea baada ya bibi kufariki, alimbeba mgongoni kabla hajatubeba sisi. Na mama siku hizi haondoki Mlola. Kupanda basi hawezi tena, magoti yanakataa zile ngazi, na gari dogo la mtu hataki kulisikia.

Sababu ni hii. Mwaka jana jirani alimpa lifti kwenda hospitali. Gari lilikuwa na kapeti nyeupe zenye manyoya. Mama akavua viatu, akavifunga kwenye khanga, na bado akaona miguu yake haistahili kukanyaga pale. Basi alikaa ukingoni mwa kiti akainua miguu hewani njia nzima, kona baada ya kona, mpaka Lushoto mjini, na wakati wa kurudi vivyo hivyo. Alivimba miguu wiki nzima. Alipopona akatangaza kwamba gari la mtu hapandi tena, na mama akitangaza ametangaza.

Kwa hiyo nilipoingia duka la vifaa vya magari Korogwe sikuwa natafuta urembo. Kijana wa pale alinisalimia shikamoo kwa adabu zote, nikaitikia, akaanza kunitolea kapeti za manyoya, rangi ya maziwa. Nikamuuliza, "Zikipigwa tope je?"

"Mama yangu, mtu akiwa na tope haingii kwanza," akasema, kwa huruma kabisa, kama anayemfundisha mtoto.

Akaleta za ngozi zilizoshonwa kwa mistari ya dhahabu. Nikapitisha kidole kwenye ile mishono, nikaona kila tundu ni shimo la kupandia tope. Nikanyoosha mkono kuelekea pembeni, kwenye za mpira mweusi zilizosimamishwa ukutani, zenye mifereji mirefu na kingo zilizoinuka kama sinia. Kijana akashtuka. "Hizo wanachukua watu wa kubeba karoti, mama yangu. Wewe ni mtu wa manyoya." Niliilaza moja chini, nikafungua chupa yangu ya maji na kuimimina yote juu yake. Maji yakatuama, hata tone halikuvuka ukingo. Nikaikanyaga na kiatu, nikaona mifereji inayameza maji na kuniachia juu pakavu. Nikainusa, maana kuna mipira jua likipiga inanuka mpaka kichwa kinauma. Nikaenda kuijaribu garini: ya dereva ilishika kwenye vishikizo vyake, haikusogea wala kugusa breki, na kwa anayeshuka kona za Mombo hilo si jambo dogo. Nyepesi kukung'uta kiangazi, imara wakati wa masika, vumbi la Magoma na tope la Mlola vyote itavipokea. Nikazichukua. Kijana akaniongezea bure chupa ya dawa ya kung'arishia, nadhani alinionea huruma.

Na ile dawa ndiyo iliyoniponza. Jioni kabla ya safari nilizipaka, nikazisugua kwa kitambaa, nikazipaka tena. Damu ya baba, nitaikimbia niende wapi? Niliziweka garini zinameremeta, nikarudi nyuma hatua moja kuzitazama, na nikajiona mtu wa maana sana.

Asubuhi nilifika nyumbani mvua imenyesha usiku kucha. Mama alinipokea na "onga makeo" yake, salamu yetu Wasambaa ya asubuhi, nikapiga shikamoo, tukanywa chai. Alikuwa amevaa gauni lake zuri na viatu vyake vya plastiki, kikapu cha peasi za mdogo wake kiko tayari. Tulitembea polepole mpaka garini, nimemshika mkono. Nilifungua mlango wa nyuma. Mama akainama, akatazama chini.

Kisha akaanza kuvua viatu.

"Mama, hizi ni za mpira. Ni za tope. Nimezichagua kwa ajili hiyo hiyo."

"Zinang'aa, Hawa."

"Ni dawa tu ile, mama."

"Nitakuharibia gari lako, mwanangu. Mwambie Saumu namsalimu sana. Mpe hizi peasi." Akanikabidhi kikapu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ameshaanza kugeuka kurudi ndani, kiatu kimoja mkononi, mguu mmoja umekanyaga udongo wa baridi.

Niliumia, nasema kweli. Nilimwona mdogo wake kule Magoma amekaa mlangoni anasubiri uso ambao hautakuja, kisa kapeti. Nilitaka kumbishia, nimweleze mifereji na kingo, nimweleze nilivyomwaga maji dukani. Lakini nilikuwa nimesimama uani pale pale, karibu na lile jembe kuukuu ambalo bado limefukiwa mbele ya kizingiti, limeliwa na kutu mpaka limebaki kama ulimi. Nikaacha maneno.

Niliweka kikapu chini. Nikaingia kwenye tope la uani na viatu vyangu vya kwendea harusini na misibani na mikutanoni, vyote ni hivyo hivyo, nikakanyagakanyaga mpaka nikazama vifundoni. Nikarudi garini, nikaingia mlango wa nyuma wa upande huu na kutokea mlango wa upande wa pili, kisha nikazunguka na kurudia tena. Tope jekundu la kwetu lilibaki kwenye kapeti zote mbili, mabonge mazima.

"Haya, mama," nikasema. "Limeshachafuka. Karibu ndani."

Mama alichungulia tope kwenye kapeti. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka kimya kimya kwanza, kisha kwa sauti, mpaka ikabidi ashike mlango wa gari, machozi yakimtoka. "Baba yako," akasema, "kile kitambaa alikitia mfukoni!" Tukacheka sote wawili pale uani kama wendawazimu. Kisha akavaa kiatu chake, akaingia na tope lake, akakaa, akaegemea.

Tulishuka kona zote salama. Tulipofika Magoma jua lilikuwa kali, na Mama mdogo Saumu alikuwa mlangoni. Alimshika mama mashavu kwa viganja viwili, akausogeza uso wake karibu, akautazama kipande kwa kipande: paji, pua, kile kidoti kidevuni. "Umezeeka, dada," akasema. "Na wewe hujaacha kusema ovyo," mama akajibu. Niliwaacha, nikaenda kukaa kivulini na kupangusa macho.

Siku hizi, wenzangu, nyumba zetu zina vigae. Mlangoni pana rundo la viatu, na mgeni anaangaliwa miguu kabla ya kuulizwa hali. Watoto wetu wanaosha magari kila siku na kubeba ndani yake watu wachache kweli kweli. Siwalaumu sana, maana hata mimi nilipewa chupa moja tu ya dawa na nikasahau nilikolelewa. Enzi zetu sakafu ilikuwa moja kijiji kizima, na kila mtu aliikanyaga.

Kesho yake mama mdogo alikubali kupanda nasi milimani, akakae na dada yake kidogo. Alikuja mpaka garini akipapasa kwa mkono, akagusa mlango, akasikia harufu ya upya wa viti, akasita. Nikamwona anainama kuvua kandambili zake zenye vumbi. Mama alishakuwa ndani, akampigia kiti kwa kiganja.

"Ingia navyo, Saumu. Limeshachafuka."

Niliwatazama kwenye kioo tulipokuwa tukiipita Korogwe. Walikuwa wamelala, vichwa vimegusana, na vumbi la Magoma limekaa juu ya tope la Mlola. Miguu ya mama ilikuwa imekanyaga chini, yote miwili.