Arusi ya Zaina na Filamu Iliyolala

Wenzangu, mimi sina uso wa kuficha tena, kwa hiyo niwaambie tu: kuna mama mmoja wa mtaa wa Kamalondo ambaye mpaka leo akiniona njiani ananiita "Citoyen Quarante", yaani Mwananchi Arobaini, na watoto wake wanacheka bila hata kujua sababu. Sababu ninaijua mimi, na leo nanyi mtaijua.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, nina studio ya chumba kimoja, pazia la maua nyuma, kiti kimoja mbele, na kazi yangu yote ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, maana filamu ya rangi ilikuja kwa bahati tu, mfukoni mwa mtu aliyetoka Zambia, na ukishaipiga unampa msafiri anayekwenda Ulaya ikasafishwe huko, halafu unakaa unamwomba Mungu. Basi nilikuwa na filamu moja ya rangi, moja tu, picha thelathini na sita, nimeificha kabatini kama dhahabu, ndipo akaja Papa Selemani.

Papa Selemani alikuwa fundi cherehani, mtu wa zile familia za Maniema, na nusu ya abacost zilizovaliwa mjini (makoti yale yasiyotaka tai, tuliyovaa wote) zilitoka mikononi mwake. Alikuwa anamuoza binti yake Zaina.

"Kalenga mwanangu," akaniambia, "manguo yote ya arusi minashona miye mwenyewe, miezi tatu. Docteur anasema macho yangu inaisha, niache sindano. Hii njo kazi yangu ya mwisho. Nataka photo ya couleur."

Mtu mwenye akili angewapiga picha palepale uani mchana, akala pilau, akaenda zake. Lakini mimi nilikuwa mgonjwa wa nuru. Nilijua jua la saa sita linatia giza machoni pa watu na kuipausha nguo nyekundu kama imefuliwa mara mia, na nilijua pia kwamba njia ya Ruashi kuna karieri ya zamani, shimo lililoachwa siku nyingi (la sivyo, kwenda na kamera karibu na mgodi wakati ule ilikuwa kutafuta maswali), kuta zake nyekundu, maji yake ya kijani kwa ajili ya shaba, na saa kumi na moja jioni jua linaingia mle kwa ubavu. Nikamwambia Papa Selemani, "Nipe jioni, utaona ajabu." Akakubali.

Basi arusi nzima ikapanda lori, pilau ikabaki inapoa nyumbani, masha­ngazi wakakaa juu ya mawe, upindo wa gauni la Zaina ukawa mwekundu kwa udongo, na kambo yake, bibi yake mzaa mama, tukamwekea kiti katikati. Mimi natoa amri kama gavana: wewe sogea kulia, wewe toa kitambaa cha njano, kinakula rangi ya mwenzako! Shangazi mtu, Mama Amina, mwenye mdomo kuliko wote, alitaka kujua kila mmoja atapigwa mara ngapi. Nikamjibu kwa maringo, "Mama, ziko trente-six, zinawatosha wote."

Sasa sikieni kosa lenyewe, dogo kama punje. Ukitia filamu, ukafunga kamera, desturi ni kupiga picha mbili za bure huku unatazama kifundo kidogo cha juu kushoto: kikizunguka, filamu inavutwa, kisipozunguka, filamu imelala. Nikasema moyoni, nina filamu moja tu katika Zaire nzima, nitupe picha mbili? Situpi hata moja. Nikafunga, nikainua uso kutazama mbingu, na kifundo sikukitazama.

Na mbingu, jamani! Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi, vumbi limelala, na upande wa mashariki lilikuwa limesimama wingu zito la zambarau, lakini jua la magharibi likapenya chini yake na kumwagika ndani ya karieri. Ule ukuta ukawaka. Sisemi ulikuwa mwekundu, nasema uliwaka, na ndani yake mishipa ya kijani ikajitokeza ambayo mchana hatukuiona kabisa, na maji yakageuka rangi ambayo sijui jina lake kwa Kiswahili wala kwa Kifaransa. Abacost ya bwana-arusi, rangi ya divai, ikapata kina kama usiku. Vitenge vya mashangazi, vya rangi ya machungwa, vikawa makaa ya moto. Na Zaina katika gauni lake la kijani akasimama pale, nuru shavuni, hata watu waliokuwa wananung'unika njaa wakaisahau pilau. Bwana-arusi alimtazama mkewe kama ndiyo kwanza anamwona. Nilikuwa napiga huku machozi yananitoka (ndiyo, machozi, chekeni tu), napiga, navuta, napiga tena, kwa sababu kila nusu dakika rangi ilikuwa nyingine.

Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya Mama Amina anahesabu.

"Trente-sept... trente-huit... trente-neuf... quarante! Citoyen photographe, film yako iko nazaa?"

Nikatazama kifundo, nikavuta: kimya, hakitikisiki. Nikaingia chini ya lori kwenye kivuli, nikafungua kamera, na filamu ilikuwa imelala palepale nilipoilaza, ulimi wake umetoka nje, kana kwamba inanicheka. Nilipotoka, watu wote walinitazama na wote wakaelewa, isipokuwa mmoja.

"Iko nini?" akauliza Papa Selemani, anageuza kichwa huku na huku. "Juu ya nini bananyamaza?"

Ikabidi niseme kwa mdomo wangu, mbele ya wakwe. "Papa, hakuna hata moja."

Mama Amina akapiga makofi. Mjomba mmoja akatamka maneno nisiyoweza kuyarudia. Papa Selemani hakupiga kelele, na hilo liliniuma zaidi. Akauliza tu, "Jua iko bado?"

"Limeshuka, Papa."

"Kunabakia nini?"

"Kidogo tu, kule juu."

"Basi piga ile kidogo."

Nikatia filamu upya, safari hii kifundo nikakiangalia kwa macho mawili. Nikaiweka kamera juu ya boneti ya lori, nikawaomba watu wasitikisike mpaka nihesabu kumi huku jicho la kamera limeachwa wazi, kwa maana nuru ilikuwa imebaki kama ya mshumaa. Lakini waambie watu wenye njaa wasitikisike!

Bahasha ilirudi kutoka Ulaya baada ya miezi kadhaa. Picha zilikuwa nyeusi zote, ila moja: mbingu ya zambarau, maji yanang'aa kama jiwe la thamani, na arusi nzima imekuwa moshi, moshi wa divai, moshi wa machungwa, moshi wa kijani. Mtu mmoja tu ndiye aliyeonekana wazi, kila kunyanzi usoni, naye ni kambo, kwa sababu alikuwa amelala usingizi kitini.

Nikaipeleka kwa Papa Selemani nikiwa nimeinamisha kichwa. Zaina alikuwepo, akaishika, akalalamika: "Papa, miye niko moshi tu! Batu bote ni moshi!"

Mzee akaichukua, akaisogeza mpaka karibu iguse pua.

"Acheni," akasema. "Siku hizi miye niko nabaona batu vile tu."

Akaitundika juu ya cherehani yake.

Mimi tangu siku ile, hata filamu iwe ya mwisho duniani, natupa picha mbili za kwanza, tena bila uchungu. Na nikiona nuru nzuri inakuja, naiacha ije, mimi nimeinama nakitazama kifundo.