Nilivyomudanganya ingénieur wa petroli kuhusu sokomutu, na yaya wangu akatunyima maharagi

Wakuu, salamu toka mji wa Baraka. Hii niliiona kwa macho yangu, na pale panaponitia aibu sitaparuka. Kiswahili chetu cha Kongo munakijua, mutuvumilie.

Ilikuwa wakati wa vita, kulipotulia kidogo. Ikaja équipe, kikosi cha kutafuta petroli. Nikapata kazi ya kukata njia kwa panga, toka kijiji cha Swima kupanda mulima, imenyooka kama rula.

Ingénieur, injinia wao, alitoka Kinshasa, tulimuita Patron, ndiyo bosi. Muntu muzuri, ila viatu vyake vilikuwa vya kwenda misa.

Mupishi alikuwa Yaya Furaha, dada yangu mukubwa. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Patron alikuwa anajaza rapport, ripoti ya kazi, akaniuliza, "Huko juu iko banyama?"

"Hapana, Patron. Vita ilibafukuza bote."

Uongo mutupu. Niliogopa nikisema iko, kazi itakufa.

Yaya akasikia. Wakuu, sisi wawili tulijificha miezi mitatu kwenye pori lile lile, tukikimbia risasi. Tulikuwa tunaangalia wapi basokomutu, sokwe kwenu, banakula matunda, na sisi tunaokota. Ndiyo tulipona.

Saa sita tukarudi na njaa. Yaya kaweka mukono juu ya kifuniko cha sufuria ya maharagi.

"Patron, andika kwanza."

"Niandike nini, Mama?"

"Sokomutu. Bamama na batoto, kule kwenye bonde la kijito. Njia yako inapita katikati ya vitanda vyao."

"Ndugu yako alisema hakuna."

"Huyu? Alikula matunda yao mpaka akanenepa. Leo amebasahau!"

Wafanyakazi wote wakaniangalia. Hasira ya njaa ya watu kumi na wawili ilinihamia mimi.

Patron akacheka. "Basi tuende tuone."

Tukapanda watatu, Patron, Yaya na mi. Vitanda vya majani vilikuwa juu ya miti, vingi. Patron akafungua rapport, akatoa bic ya kuandikia.

Hapo ikanyesha. Jua linawaka, wakuu. Dume moja kubwa lilikuwa juu yetu, linatikisa tawi na kutukojolea bila haraka.

Patron alikimbia. Sitamucheka, maana mi nilikuwa mbele yake.

Alipooga, aliandika yote, Yaya akisimamia kila neno. Njia ikapindishwa kuzunguka bonde lote. Ndipo kifuniko kikafunguliwa. Mi nilipewa maharagi ya mwisho, yaliyoungua.

Jioni Patron akaniuliza taratibu, "Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa kukosa kazi."

"Lakini njia ikipinda inakuwa ndefu. Kazi inaongezeka."

Yaya alicheka mpaka akakaa chini.

Baadaye vita ikarudi, équipe ikaondoka, petroli sijui kama waliiona.

Mi nilichojifunza: nilitoa nyumba za wengine kumufurahisha patron ambaye hata hakuniomba.

Na nyinyi je, nani ameshajidanganya hivyo kazini? Mujianike, mi nimeshamaliza. Wa kucheka pia karibu, Yaya anasoma.