Kuonja Si Kula

Kama hujawahi kumwona mpishi mwenye njaa, basi mateso umeyasikia tu. Huyu ninayemsema alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro, na kwa miaka kumi na tisa watu mia tatu walikula chakula chake kila mchana. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Kiwandani walimwita Mama Chumvi, kwa sababu chumvi yake haikuwahi kuzidi wala kupungua.

Siri ilikuwa kiganjani. Alichota mchuzi kwa mwiko, akadondosha kidogo katikati ya kiganja, akalamba, akafumba macho, kisha akatoa hukumu. "Chumvi bado." Au, "Epua." Masufuria yalikuwa manane, na kila moja alilionja mara tano, mara sita. Wasaidizi wake hawakuthubutu kupakua kabla hajalamba. "Mama Chumvi, onja!" ndiyo sauti uliyoisikia jikoni mle kutwa nzima.

Lakini mwili wake mnene ulikuwa umemchosha. Magoti yalilia kama bawaba kavu, na vile vidato vinne vya ngazi ya kuingilia kantini alivipanda kwa kupumzika mara mbili huku akisingizia kufunga kamba ya aproni. Halafu uongozi ukatangaza kwamba jiko litahamia jengo jipya, ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mama Chumvi alisikia tangazo, akaendelea kumenya vitunguu, na machozi yake siku hiyo hayakuwa ya vitunguu.

Tegemeo lake likawa moja tu: upasuaji wa kupunguza tumbo. Alikuwa kwenye orodha ya hospitali kwa mwaka na miezi minane, na tarehe ikatoka miezi miwili kabla ya kuhama. Penye kazi kwenye fomu alijaza "kiwandani," kama wengi wanavyojaza, na hakuna aliyemuuliza anafanya nini huko kiwandani.

"Mama, ini lako limejaa mafuta," mtaalamu wa lishe alimwambia, binti mdogo mwenye sauti ya upole. "Limelifunika tumbo. Daktari hawezi kulifikia mpaka ini linywee. Kwa wiki mbili utakunywa haya maziwa ya unga mara nne kwa siku, maji, na supu iliyochujwa. Basi. Na kila unachokula ukiandike kwenye daftari hili. Usinifiche."

"Mwanangu, mimi na uongo wapi na wapi?"

Na kweli hakuficha. Hilo ulishike, maana ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyumbani aliishi na mdogo wake, mshonaji, mjane mwenzake, mwanamke wa utani mwingi. Siku ya kwanza mdogo mtu alicheka. "Kumbe ini hunywea mwenyewe akinywa! Dada, tungelijua tungelianza zamani." Wakacheka wote wawili. Siku ya tatu hakuna aliyecheka. Kichwa kilimgonga dada mtu toka asubuhi, mdomo ukawa na harufu ya chuma, na yale maziwa yalikuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Mdogo wake akaanza kula nyuma ya mlango wa chumba cha cherehani, kimyakimya, ili asimtie simanzi. Lakini njaa ina masikio. Mama Chumvi alikaa sebuleni akisikia kijiko kikikwaruza bakuli, akamchukia mdogo wake wa tumbo moja, kisha akajichukia mwenyewe kwa kumchukia.

"Kula hapa mbele yangu!" alifoka siku moja. "Unanifanya mwizi ndani ya nyumba yangu?"

Mdogo wake akaja na bakuli lake, akakaa, akashindwa kumeza.

Kazini ndiko kulikuwa jehanamu. Kupika ukiwa na njaa, kupakua sahani mia tatu, kisha kwenda stoo kukaa juu ya gunia la mchele na kukoroga unga kwenye kikombe! Siku ya tisa alikuwa anakwangua sufuria la wali, ukoko ukatoka mzima, mwekundu, moto, unaonukia. Miaka yote ukoko ulikuwa wake. Hata meneja hakuugusa. Aliushika kwa mikono miwili. Hakukuwa na mtu. Alisimama na ukoko ule mpaka ukapoa, kisha akautia kwenye pipa la taka na kuufunika kwa maganda ili asije akaurudia. Akakaa chini sakafuni akalia kwa sauti, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, akilia ukoko. Alipotulia aliandika kwenye daftari: *Maziwa, kikombe kimoja. Sikula kitu.*

"Mama Chumvi, onja!" wakamwita. Akajifuta uso, akaenda kuonja.

Siku ya upasuaji mdogo wake alimsindikiza hadi mlango wa chumba cha kupasulia, akamshika mkono. "Dada, ukitoka humo utazipanda ngazi zao mpaka waseme basi." Mama Chumvi akatabasamu. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akitabasamu hivyo, na mimi ndiye huyo mshonaji, kwa hiyo najua ninachosema.

Alizinduka akapapasa tumbo. Vilikuwepo vidonda vidogo vitatu, vimebandikwa plasta. Akauliza, "Imekwisha?" Daktari wa upasuaji alisimama miguuni pa kitanda, hana raha.

"Tumeshindwa, mama. Ini bado kubwa mno. Nilipojaribu kuliinua likaanza kutoa damu. Nikafunga. Itabidi urudi kwenye orodha."

Tunasema jambo limekukata maini. Siku hiyo nililiona likimkata kweli.

Yule binti wa lishe akaja na daftari, analipekua ukurasa kwa ukurasa. "Mama, umeandika kila kitu?"

"Kila kitu."

"Kazini unafanya nini hasa?"

"Napika. Mimi ni mpishi."

Binti akaliweka daftari chini. "Na unapopika… unaonja?"

"Sasa mpishi asiyeonja atajuaje?" Mama Chumvi alijibu, bado hajaelewa. Mimi nilikuwa nimekwishaelewa, nikatazama dirishani.

"Michuzi? Mafuta? Chai ya maziwa?"

"Na uji wa sukari wa zamu ya asubuhi. Vyote."

"Mara ngapi kwa siku?"

Akahesabu kwa vidole, masufuria manane mara sita, na uji, na chai. Alipofika hamsini akavikunja vidole.

"Mbona hukuandika, mama?"

"Uliniambia niandike nilichokula." Alikuwa analia sasa. "Mwanangu, sikula. Ukoko niliutupa! Naapa niliutupa. Kuonja si kula. Kuonja si kula!"

Jikoni kwake hata mtoto angekwambia vivyo hivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna anayeujua msemo huo kuliko mpishi, ila hakuwahi kudhani kibaba chenyewe ni yeye.

Jiko lilihama kwa tarehe yake. Meneja, mtu mwema tu, alimwita ofisini na kumwambia asiwe na wasiwasi, hatafukuzwa. Hatapanda ngazi hata moja. Ataketi chini mlangoni, wasaidizi watapika juu na kumshushia mwiko. "Kazi yako sasa ni ulimi tu, Mama Chumvi. Utaonja."

Alinisimulia jioni, bado kavaa aproni. Nikamwambia, dada, kataa. Akaniuliza, "Nikikataa, nifanye nini kingine?" Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Jumatatu nilimpelekea kikombe chake cha maziwa ya unga, maana binti wa lishe alikuwa amemrudisha kwenye masharti yale yale. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki chini ya ngazi, daftari jipya mapajani, magoti kayafunga vitambaa. Msaidizi akashuka mbio, mkono mmoja umekinga chini ya mwiko usimwagike.

"Mama Chumvi, onja!"

Alinitazama mimi. Akautazama mwiko. Kisha akakunjua kiganja.

"Dondosha," alisema.

Akalamba, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko zamani. "Chumvi bado," akamwambia, na kijana akapanda mbio. Dada yangu akafungua daftari, akaandika *moja*.