Mstari wa Maji Nilioupaka Rangi

Nimekosa, jamani. Nawaandikia ninyi msionijua kwa sababu hapa Kariakoo siwezi kulitamka hili. Mtaani kwetu wananiita shujaa!

Mimi ni mjane, naishi kwenye nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu. Chini yake kuna chumba kilichochimbwa ardhini, zamani ilikuwa stoo yake ya vitenge. Kina kidirisha kimoja cha nondo, usawa wa barabara. Unashuka ngazi kutoka ukumbini, na kule chini kuna geti la chuma.

Masika maji huingia mle. Nilijua! Yaliacha mstari wa kahawia ukutani, unanifika kiunoni. Nilipotaka kupangisha nikamwita fundi, akaupaka rangi mikono miwili mpaka mstari ukapotea.

"Mama, ukuta huu si unaingiza maji?" akaniuliza.

"Wewe paka," nikamjibu.

Akaja Rehema, binti mpole anayeuza madera, na mwanawe wa miezi minane mgongoni. Akaangalia ukuta, akasema, "Mama, kumbe pasafi hivi!" Nikatabasamu. Nikikumbuka lile tabasamu natamani kujizaba kofi.

Ufunguo wa geti sikumpa. Nilitaka nijue nani anaingia, nani anatoka, ndivyo nilivyo. Kila nikitoka nilikuwa nafunga kufuli, ufunguo naufunga kwenye pindo la khanga. Yeye alizoea kutoka alfajiri na kurudi nikiwa nimesharudi.

Asubuhi hiyo nikashuka kufunga, niwahi samaki soko la Feri. Ndala za Rehema zilikuwa pale getini. Niliziona! Nikasema moyoni, kavaa viatu vingine. Sikuita hata "Rehema, upo?" Kumbe mtoto alikuwa na homa, wamelala ndani.

Mvua ilinikuta nachagua vibua. Ilikuwa mvua ya kutisha, bati linapiga kelele mpaka hatusikilizani. Hapo ndipo zile ndala zikanirudia. Mungu wangu! Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani inachaji. Nikaacha samaki, nikapanda bodaboda. Kufika Mnazi Mmoja maji yamejaa, pikipiki ikazima. Nikakimbia kwa miguu, na umri huu wangu.

Nje ya nyumba yangu wasukuma mikokoteni wawili walikuwa wanahangaika na nondo za kidirisha huku maji yakimiminika ndani. Nikamsikia Rehema, "Mchukueni mtoto! Mchukueni mtoto tu!" Nondo zile hazipitishi hata kichwa cha mtoto.

Nikashuka ngazi. Kufuli lilikuwa limeshazama. Fundo la khanga limelowa, halifunguki, nikalitafuna kwa meno. Nikapapasa kufuli ndani ya maji machafu. Ufunguo ukateleza mara ya kwanza, nikaudaka. Ningeudondosha, nisingeuona tena!

Geti lilipofunguka nikamkuta amesimama juu ya kitanda, maji yako kifuani, mtoto kambeba juu ya kichwa. Mtoto hakuwa analia. Nilidhani amekufa. Nikampokea, akakohoa, nikapiga ukelele mtaa mzima ukasikia.

Rehema akaniangukia shingoni. "Mama, bila wewe tungekufa." Majirani wakanipongeza. Nikaipokea asante ya mtu niliyemfungia.

Akaenda kukaa kwa shangazi yake Kigamboni. Mimi tangu siku hiyo bomba likidondosha tone naruka kitandani. Sili nikashiba. Nikijitanda khanga, mkono unakwenda wenyewe kwenye pindo.

Jana akapiga simu. "Shikamoo mama. Kumekauka? Jumamosi tunarudi kwako, bibi yetu. Nimeshanunua rangi, tupake upya pang'ae."

Nikaitikia marahaba, nikakata simu. Nikalia.

Kumekauka. Rangi imebanduka, mstari wangu wa zamani umetokea, na mwingine mpya juu yake. Sitaki fundi auguse. Jumamosi nitamshusha Rehema mle nimwonyeshe yote miwili, nimwambie kwamba ule wa chini niliujua. Naogopa macho yake kuliko nilivyoyaogopa yale maji.

Wenye nyumba wenzangu, chumba ambacho wewe mwenyewe usingemlaza mjukuu wako masika, usimpangishe mtoto wa mwenzio. Mpangaji mpeni ufunguo wake. Na kabla hujafunga kufuli, ita jina la mtu. Mimi niliziruka zile ndala kama takataka, na ndani mlikuwa na watu wawili.