Nthenya na Msichana Aliyemchagua Msusi

Nthenya hakuwa mtu wa michezo. Alipokuja Diani kutoka Mackinnon Road, alikokuwa akiuzia chai madereva wa malori, alichokitafuta ni kazi ya hoteli, na akaipata: kutandika vitanda na kufua mashuka. Aliifanya miaka mingi, mpaka machafuko ya mwaka wa tisini na saba yalipowafukuza wageni na hoteli zikaanza kufunga milango. Siku ya kuagana, meneja hakuwa na cha kuwapa wafanyakazi isipokuwa vyombo vya hoteli yenyewe. Huyu akachukua magodoro, yule akachukua feni. Nthenya alichelewa kufika kwenye mgao, akaambiwa abebe televisheni na mashine ya gemu iliyokuwa ikiwachezesha watoto wa wageni.

Aliibeba huku akilia. Lakini baada ya kukaa nayo ndani na kuitazama kwa muda, alikodi chumba nyuma ya maduka ya Kona ya Musa, akapanga mabenchi, akatundika pazia mlangoni jua lisipige kwenye kioo cha televisheni, na vijana wa Ukunda wakaanza kumiminika. Wakamwita Mama Kavenya, kwa jina la bintiye aliyekuwa akilelewa na bibi yake huko bara.

Gemu waliyoipenda ilikuwa moja tu, ya kupigana. Wapiganaji walikuwa wengi, na kwa kuwa hakuna aliyejishughulisha na majina yao ya Kizungu, vijana waliwabatiza upya. Kulikuwa na Kuli, lijitu lenye mabega kama mlango. Kulikuwa na Mjomba, mzee mlevi aliyepigana akipepesuka, na kijana mmoja aitwaye Rai alimng'ang'ania huyo kwa sababu, alisema, ni mjomba wake mtupu. Kila mmoja alikuwa na wake, anayefanana naye au anayetamani kufanana naye. Na katika kundi zima hilo mwanamke alikuwa mmoja tu, mfupi, mweusi, mwenye nywele zilizosukwa zikamfika kiunoni. Wakamwita Msusi.

Msusi hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa adhabu. Kijana akishindwa vibaya, wenzake walipiga kelele, "Mpeni Msusi! Mpeni Msusi!" na raundi iliyofuata ilimbidi aicheze na yeye, wenzake wakichekea pembeni.

Walichokuwa hawakijui ni kwamba asubuhi, kabla hajafungua, Nthenya mwenyewe alikuwa akikaa kwenye benchi na ufagio mapajani, akacheza kidogo. Na daima alimchagua Msusi. Alipenda jinsi alivyosimama, miguu ikishika ardhi, kama mtu aliyeambiwa asogee akakataa. Lakini vijana wakianza kuingia, Nthenya aliizima mashine upesi na kuinuka kufagia.

Ndipo akaja Sidi. Alikuwa binti wa jirani, mwanamke wa Kiduruma aliyekaanga viazi karai mbele ya maduka. Alikuwa darasa la saba, mwembamba, mwenye adabu. Siku hiyo alitumwa kuwaletea vijana viazi vyao, akasimama nyuma ya benchi akatazama kioo kwa kitambo.

"Shikamoo, Mama Kavenya."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule dada mwenye misuko, hakuna anayemtaka?"

"Mchukue wewe," Mwero alidakia, naye ndiye aliyekuwa bingwa wa chumba kile. "Mnafanana."

Wakacheka wote. Sidi hakucheka. Aliweka sahani chini, akafuta mikono kwenye leso, akapokea padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Alishindwa siku hiyo, na kesho yake pia. Siku ya tatu hakushindwa. Ndani ya mwezi mmoja hakuna kijana aliyebaki ambaye Msusi hakumlaza chini, Mwero akiwemo.

"Wewe unaona nini kwake?" Nthenya alimwuliza mara moja walipokuwa peke yao.

Sidi alifikiri. "Anatembea kama mama akitoka bombani na mtungi kichwani. Mabega hayatikisiki. Wale wengine siwajui, sijapata kuwaona watu kama wale. Huyu namjua."

Nthenya alitaka kumwambia, hata mimi. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Akasema tu, "Haya, kamsaidie mamako."

Vijana wakaanza kununa. Kushindwa na kijana mwenzao, Owen wa mtaa wa Magutu, au na Rai, kulikuwa mchezo. Kushindwa na msichana, tena kwa Msusi, kulikuwa jambo la kusimuliwa barabarani. Ikatangazwa siku ya mashindano, Jumamosi alasiri, na Mwero akamfuata Nthenya nyuma ya chumba alikokuwa akianika nguo.

"Mama Kavenya, yule akishinda Jumamosi, sisi tutahamia kule karibu na kituo cha petroli. Wamefungua chumba kipya."

"Nimkataze kuingia?"

"Mimi sijasema hivyo. Nimesema tu tutahama."

Hakusema zaidi, na wala hakuhitaji. Wakati wa machafuko, watu wa bara walipokuwa wakikimbia na mabunda kichwani, mama yake Mwero ndiye aliyemwingiza Nthenya chumbani kwake na kumfungia mlango, akawaambia waliokuja kuuliza kwamba hapo hapakuwa na mtu. Mwero hakupata kumtajia jambo hilo hata siku moja. Nthenya ndiye aliyekuwa akijitajia kila alipomwona.

Padi zilikuwa mbili, na ya akiba moja. Ile ya akiba ilikuwa na ugonjwa: kitufe cha kuzuia ngumi kilishika kikipenda, kisipopenda hakikushika. Nthenya aliijua, ndiyo maana aliiweka kabatini. Jumamosi ile, chumba kikiwa kimejaa hadi mlangoni na Sidi amebaki na Mwero tu, Nthenya alifungua kabati. Baadaye alijaribu mara nyingi kujiambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Haukwenda wenyewe. Alichomoa padi nzima, akachomeka ile mbovu, akampa Sidi mkononi.

Mwero akaanza na Kuli, na Kuli akaanza kurusha ngumi. Msusi alipaswa kuzuia, hakuzuia. Sidi aliutazama mkono wake, akatazama kioo, kisha akamgeukia Nthenya.

"Mama Kavenya, kitufe hiki kinakataa."

Vijana wakasubiri neno la mwenye chumba.

"Hakina neno," Nthenya akasema. "Bonyeza sawasawa."

Sidi aliinamisha kichwa na kubonyeza sawasawa. Alibonyeza mpaka kucha zake zikabadilika rangi. Msusi alipigwa akaanguka, akainuka, akaanguka tena, na vijana wakapiga makofi kwa kila anguko. Ilipokwisha, Sidi aliifuta padi kwa ncha ya leso, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imelowa jasho, akaiweka taratibu juu ya benchi. "Asante, mama," akasema, akapita katikati yao akatoka.

Ni ile asante iliyomchoma Nthenya. Angetukanwa, angepata pa kushika.

Tangu siku hiyo Sidi hakuonekana. Jina la Msusi, hata hivyo, lilimfuata. Aliitwa hivyo bombani, akaitwa hivyo njiani kwenda shule, na watoto wadogo wasiojua gemu ni kitu gani wakajifunza kuanguka chini mbele yake na kuinuka wakicheka. Haukupita muda mamake akampeleka Msambweni kwa shangazi yake, akamalizie masomo huko. Nthenya alimwona mama yule akikaanga viazi peke yake, akaanza kupita njia ya nyuma asikutane naye. Asubuhi aliacha kucheza. Aliiwasha mashine, wapiganaji wakajipanga kwenye kioo wakisubiri kuchaguliwa, na akifika kwa yule mwanamke, aliizima.

Vijana hawakuhama. Walijaa kuliko zamani, na kila aliyeingia alikuwa kama anamkumbusha.

Kisha padi moja nzima ikakatika waya, na Rai akaichukua mwenyewe ile ya kabatini bila kuuliza. Baada ya raundi moja aliigeuza juu chini.

"Hii mbovu! Kitufe cha kuzuia hakishiki." Akaibonyeza tena. Alikuwa mtani, lakini hakuwa mjinga. "Mama Kavenya, si ndiyo aliyochezea Sidi?"

Nthenya alikuwa akifagia. Akazidi kufagia palepale. Mwero akasema kushinda ni kushinda, waendelee. Rai aliweka padi chini na hakucheza tena siku ile.

Kesho yake Nthenya hakufungua. Alikwenda Msambweni, akauliza nyumba kwa jina la shangazi, akaelekezwa. Sidi alikuwa uani akimenya muhogo. Aliinuka, akamwamkia shikamoo kama kawaida, akamletea kigoda. Shangazi akaingia ndani kuchemsha chai.

"Sidi, nimekuja kukwambia jambo. Ile padi niliyokupa siku ile ilikuwa mbovu. Nami nilikuwa nikijua."

Kisu kikasimama. "Mimi nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ukanambia nibonyeze sawasawa."

"Ndiyo."

Sidi aliutazama muhogo uliomenywa nusu. "Nilikuwa nikikaa hapa nikibonyeza hewa," akasema mwishowe, "nikitafuta nilipokosea. Nikaona basi, wale wamesema kweli, vidole vyangu ndivyo vizito." Akakichomeka kisu katika muhogo. "Kama ungelinambia nisije, nisingelikuja. Ningelijua ni wao. Lakini wewe ulinifanya nidhani ni mimi."

Nthenya alikuwa amejitayarishia maneno njia nzima: kodi ya chumba, vijana, mama yake Mwero. Yote yaliisha nguvu. "Niliogopa," akasema. "Na mimi nampenda Msusi. Nacheza naye asubuhi, watu hawapo. Hata hilo niliogopa kukwambia."

Sidi alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aketi.

"Njoo Ukunda niwaambie mbele yako," Nthenya akasema.

"Kawaambie mwenyewe. Mimi sitaki kutazamwa tena."

Chai ililetwa, wakanywa, shangazi akizungumza habari za mvua. Kisha Sidi akamsindikiza mgeni mpaka barabarani, kwa kuwa alilelewa hivyo.

Nthenya aliwaambia vijana siku iliyofuata, amesimama mbele ya kioo wasione kitu kingine. Aliwaambia kwamba Sidi hakushindwa na mtu, aliibiwa, na mwizi ni yeye, Nthenya. Wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Mwero alitazama sakafu. "Ungenyamaza, angalau kwa ajili yangu," akasema, na akatoka, na wengi wakamfuata kwenda kwenye chumba cha karibu na kituo cha petroli. Jioni hiyo Nthenya alikwenda kwa mama yake Mwero, akamweleza mwenyewe. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho. "Mimi nilikuficha wewe," akasema, "sikukuficha uje umfiche mwanangu asishindwe na msichana."

Kisha akapita kwa mama yake Sidi. Huko hakukaribishwa kuketi.

Chumba kilikaa kitupu wiki kadhaa, mabenchi yakashika vumbi. Rai alirudi wa kwanza, akamleta dadake. Dadake akaleta rafiki zake, na punde wasichana wakawa wanagombana nani aanze na Msusi, maana yuko mmoja na wao ni wengi. Mmoja, mnene kidogo, aliuliza mbona hakuna mwanamke mnene anayepigana, kama shangazi yake aliyemwangusha mwizi kwa kofi moja. Mwingine akataka mwenye buibui. Walivyocheka, Nthenya alicheka nao, kisha akatoka nje akasimama uani peke yake, kwa sababu aliyefungua njia hiyo hakuwepo.

Sidi alikuja likizo ya Desemba. Aliingia na leso mabegani, akaamkia, akaketi karibu na yule msichana mnene, akamwonyesha jinsi ya kuzuia kwanza ndipo apige. Walicheza mpaka adhuhuri. Nthenya alifagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Mama anakusalimu," Sidi akasema alipokuwa akiondoka.

"Kasema hivyo?"

"Hapana," Sidi akajibu. "Lakini nitamwambia akusalimu."

Akaenda zake. Hakumwambia Nthenya kwamba amemsamehe, wala Nthenya hakumwuliza.