Mwale wa Alfayo

Mwale, mti wa jamii ya mnazi, huchanua mara moja tu, kisha hufa. Hukaa miaka ishirini na ushei ukitoa makuti marefu kuliko ya mnazi wowote, halafu mikungu ya maua huchomoza kileleni, na tangu hapo mti hujikamua kulisha matunda yake mpaka unyauke. Alfayo aliyajua hayo alipoleta kokwa tisa kutoka misitu ya Kongo, alikokuwa akifuata mbao kwa lori. Alizifukia kwenye samadi yenye maji, akazitazama asubuhi na jioni, hadi mkewe Nyakerario akamwambia, "Hata mimi hunitunzi hivyo."

"Wewe uliota haraka," akamjibu.

Baada ya miezi kumi iliota moja tu. Wakaihamishia bondeni, kwenye kinamasi kilicho chini ya chai yao huko Gesima. Mwezi uliofuata Alfayo akapanda lori tena. Nyakerario alikuwa na mimba ya Mose. "Nitarudi kabla huu mti haujachanua," Alfayo alisema kwa mzaha, maana safari ilikuwa ya wiki tatu.

Hakurudi. Lori halikuonekana, wala dereva.

Ule mzaha Nyakerario aliushika kama ahadi. Kila msimu alikata makuti mawili, asizidishe, akatengeneza ngazi kwa uti wake wa kati, ngazi nyepesi ambazo wachuma parachichi walizifuata hadi kwake. Siku za upepo makuti yalisuguana kama koti la mvua la mtu anayepanda kilima. Sauti ilikuja hadi usawa wa jiko, ikasimama. Nyakerario naye alisimama, mwiko mkononi, akingoja mlango usukumwe. Miaka ishirini na minne hakuwahi kutia komeo mlango wa nyuma. Walipomwita mjane kanisani, hakuitika.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, aliona mkungu wa kwanza. Hakumwambia mtu.

Wiki hiyohiyo Ochoki, mdogo wake Alfayo, alikuja na kofia mkononi.

"Mama Mose, kijana anataka kuoa. Wakwe wanauliza ng'ombe watatoka kwa nani. Baba yake si hai, si maiti. Tuzike mgomba, kama wazee walivyofanya kwa waliopotea."

"Akirudi akute kaburi lake?"

"Akirudi tutamwomba msamaha, tumchinjie mbuzi. Lakini shemeji, mimi sasa nina mvi hadi puani. Huyo mtu anatembea kwa magoti?"

"Nipe hadi mavuno ya chai yapungue."

"Mose amengoja kuliko chai," Ochoki alisema, akavaa kofia.

Asubuhi iliyofuata Nyakerario aliegemeza ngazi kwenye shina, akapanda na panga. Aliwaza kwamba maua yakiondolewa, mti haujachanua. Na kama haujachanua, Alfayo bado yuko njiani. Alikata mkungu, ukaanguka matopeni kwa kishindo. Aliuburuta hadi jikoni, akaupasua. Ndani mlikuwa na vitumba vidogo, vyeupe, maelfu, vimepangwa kama meno ya mtoto. Kila kimoja kingeweza kuwa kokwa yenye magamba yanayong'aa, kama zile tisa alizozishika mume wake kiganjani. Alivitazama hadi uji ukamwagika motoni.

Aliporudi bondeni, mikungu mingine miwili ilikuwa imechungulia. Mti ulikuwa umeshaamua. Angeendelea kukata ungekufa vilevile, tena bila kuacha kitu duniani. Aliweka panga chini. Kwa mara ya kwanza alijisikia akisema jina la mumewe pasipo kumwita.

Jioni alimtuma Mose kwa Ochoki: waje.

Walikuja Jumapili. Mchungaji alikataa kuombea mgomba, akisema Bwana hatafufua ndizi; wazee wakaona ni sawa, wakaomba wenyewe. Palizuka ubishi juu ya urefu wa kuukata.

"Alifika hapa kwangu," Ochoki alisema, akigusa sikio.

"Alikupita," Nyakerario alimjibu. "Wewe ulizidi kwa mdomo tu."

Wanawake wakacheka, naye akacheka, kisha akalivisha lile shina shati la Alfayo, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Kifungo cha juu kilimsumbua, kama kilivyokuwa kikimsumbua mwenye shati. Alipoinua mikono, utomvu wa mgomba ulikuwa umeshapenya kitambaani, doa jeusi upande wa moyo. Walilishusha taratibu, kama kitu kinachoweza kuumia.

Udongo uliporudishwa, fundi wa msalaba alikuja na brashi na kopo la rangi nyeusi. Akaandika jina, akaandika mwaka wa kuzaliwa, akageuka.

"Mama, na alifariki lini?"

Mose aliutazama udongo. Nyakerario alihesabu moyoni: siku lori lilipoondoka, siku barua zilipokoma kutarajiwa, asubuhi ile ya panga. Zote zilimtazama, na kila moja ilitaka akiri kwamba ndiyo yenyewe.

"Piga kistari," alisema. "Halafu uache nafasi."

"Nafasi kiasi gani?"

"Ya mwaka mmoja. Nitakuja kuijaza mwenyewe nikiujua."

Fundi alipiga kistari, akafunika kopo. Watu walitawanyika kwenda kula. Nyakerario alibaki akiutazama ule ubao mtupu baada ya kistari, hadi rangi ikakauka.